Nani Alimuua Bwana Jenner?

Uliyejinyoosha kwenye mkeka kule Bulla Iftin, hapa Garissa, ukingoja chai, mama unayefunga hesabu za siku pale Soko Mugdi, dereva wa lori uliyekwama kwenye ukaguzi pale darajani Tana, sogezeni redio karibu. Leo nazungumzia mauaji. Msishtuke, ni mauaji ya kale, ya enzi za Malkia Victoria, na kila aliyehusika ameshakwenda kwa Mola wake.

Nitaanzia mbali kidogo, London, mwaka 1888. Katika mtaa wa maskini uitwao Whitechapel na maeneo ya jirani, kati ya tarehe 31 Agosti na tarehe 9 Novemba, wanawake watano waliuawa kwa kisu: Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Muuaji hakukamatwa. Magazeti yakaeneza jina lake la kubandika, Jack the Ripper, na tangu hapo Waingereza hawajapata usingizi. Zaidi ya miaka mia moja na thelathini imepita, na bado kuna watu wenye kazi zao, walimu, mafundi, wastaafu, ambao jioni wanafungua ramani za Whitechapel na kupima kwa dakika umbali kutoka uchochoro huu hadi ule. Hakuna aliyewatuma, wala hawalipwi. Mimi nawaita wapelelezi wa vijiweni, na nyinyi mnawajua, maana kila kijiwe cha Garissa kina wa kwake.

Makisio yao hayana mwisho. Mmoja anasema alikuwa wakili kijana, Montague Druitt, ambaye maiti yake iliopolewa mto Thames mwezi Desemba 1888. Mwingine anamtaja kinyozi mhamiaji, Aaron Kosminski, aliyeishia hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwandishi wa Marekani Patricia Cornwell alitoa kitabu mwaka 2002 akimshtaki mchoraji maarufu, Walter Sickert. Wapo hata waliomtwika mzigo huo mjukuu wa Malkia mwenyewe, Prince Albert Victor, ingawa usiku wa mauaji mawili ya tarehe 30 Septemba mjukuu huyo alikuwa Scotland, mamia ya maili kutoka Whitechapel. Ukiyasikiliza yote utacheka. Lakini kabla hujacheka sana, angalia jambo moja. Kila kisio, liwe la busara au la kipuuzi, linamtafuta mtu. Mtu mwenye jina, mwenye anwani, aliyelala mahali fulani usiku ule. Na mtu akitajwa, anaweza kutetewa. Prince ametetewa na safari yake ya Scotland.

Sasa niwasimulie kipande kimoja cha kisa hicho ambacho kwangu ndicho kiini chake. Alfajiri ya tarehe 30 Septemba 1888, baada ya Catherine Eddowes kuuawa, polisi wa doria aitwaye Alfred Long alipita mtaa wa Goulston. Kwenye mlango wa kuingilia nyumba za kupanga akaona kipande cha aproni chenye damu. Kilikuwa kimekatwa kutoka aproni ya marehemu, kwa hiyo muuaji alipita hapo. Juu yake, ukutani, palikuwa na maandishi ya chaki yaliyowataja Wayahudi, tena kwa tahajia mbovu. Wapelelezi wakataka pasubiriwe papambazuke maandishi yapigwe picha. Mkuu wa polisi, Sir Charles Warren, akafika mwenyewe, akatazama, akaamuru ukuta ufutwe kabla jua halijatoka.

Wapelelezi wa vijiweni hawajamsamehe hadi leo. Wanasema alifuta ushahidi. Kweli alifuta. Lakini sikilizeni sababu yake. Mtaa ule ulijaa Wayahudi waliokimbia mateso Urusi na Poland. Wiki chache kabla, fundi viatu Myahudi, John Pizer, alikuwa ameshukiwa, akakamatwa, kisha akaonekana hana hatia, na wakati huo makundi ya watu yalikuwa yakizunguka mitaani yakiwafokea Wayahudi wote. Soko la Jumapili lilikuwa linakaribia kufunguka. Warren alihofu kwamba maandishi yale yakisomwa, nyumba zitavunjwa na watu watauawa kwa kosa la mtu mmoja asiyejulikana hata dini yake. Akapima ushahidi na roho za watu, akachagua roho za watu. Unaweza kumlaumu, na wengi wanamlaumu. Mimi naona siku ile serikali ya Malkia ilikumbuka kwamba muuaji ni mtu, na kabila zima haliwezi kushika kisu.

Sasa tugeuze macho tutazame kwetu. Miaka kumi na miwili baadaye, Malkia ni yule yule, bendera ni ile ile, kumbukeni hilo.

Mwaka 1900, Jubaland yote, kutoka Kismayu hadi kwenye kingo za mto Juba, ilikuwa sehemu ya himaya iliyoitwa British East Africa, mama wa Kenya ya leo. Ilikaa hivyo hadi mwaka 1925, Waingereza walipowakabidhi Waitaliano. Kwa hiyo kisa hiki ni cha jalada letu, hata kama mahali penyewe sasa pako ng'ambo ya mpaka. Watu wa Garissa hawahitaji kuelezwa barabara hiyo. Ukitoka Liboi unaingia Dhobley, unafika Afmadow, unateremka Kismayu. Ndiyo njia ya ng'ombe wanaoletwa kuuzwa kwenye soko letu la mifugo, na ndiyo njia waliyoifuata wanajeshi wa Kenya hadi kuiteka Afmadow mwishoni mwa Mei 2012.

Msimamizi wa Jubaland aliyekaa Kismayu aliitwa Arthur Jenner. Novemba 1900 alitoka pwani kwenda bara, kuelekea Afmadow, katika nchi ya malisho ya ukoo wa Kisomali wa Waogadeni, akiwa na walinzi wa polisi. Njiani kambi yake ilivamiwa usiku. Jenner akauawa, na walinzi wake wakauawa pamoja naye.

Nani alimuua Bwana Jenner, na kwa nini? Hapo kijiwe kina haki ya kukaa. Nami naomba leo tukikalie kama wapelelezi wa Whitechapel wanavyokalia chao.

Kisio la kwanza litasema: ni mkono wa Sayyid Mohamed Abdulle Hassan. Vita vyake dhidi ya Waingereza vilikuwa vimeanza kaskazini mwaka 1899, na kwa upande wa baba alikuwa Mogadeni. Kisio hili linapendeza kwa sababu lina jina kubwa. Lakini Sayyid alikuwa mbali sana, kaskazini kabisa mwa nchi ya Wasomali, na kuwa na nasaba moja na mtu hakukufanyi uwe mjumbe wake. Huo ni uthibitisho wa aina gani? Kama nasaba ni ushahidi, basi nusu ya wasikilizaji wangu wana kesi ya kujibu.

Kisio la pili litasema: ni hasira ya muda mrefu. Mwaka 1898 tayari Waogadeni na serikali walikuwa wamepigana hadi askari wakaletwa kutoka India, kisha ikafanywa amani. Kando ya mto Juba walikuwapo Wagosha, watumwa waliotoroka na kujenga vijiji vyao vya kilimo chini ya kiongozi wao Nassib Bundo. Serikali ilipoweka vituo mtoni, iliingilia mambo ambayo wafugaji waliyaona ni yao: nani anywe maji wapi, nani ni mtumwa wa nani. Kisio hili lina uzito. Kasoro yake ni kwamba sababu ya kuchukia walikuwa nayo maelfu ya watu, na aliyechukia si lazima awe ndiye aliyeua.

Kisio la tatu litasema: Sultani aliamuru. Sultani wa Waogadeni wakati ule alikuwa Ahmed bin Murgan. Waingereza waliposikia neno sultani waliwaza mfalme, mtu anayekohoa na watu wote wakasimama. Mfugaji anajua mambo hayaendi hivyo. Wazee hukaa chini ya mti, wakazungumza hadi kukucha, na hata wakiafikiana, vijana waliolala na ngamia wao mbali huko wanaweza kufanya lao. Huenda Sultani alijua, na huenda alizisikia habari kama wengine walivyozisikia.

Mnaona, wasikilizaji, makisio yapo na yanaweza kupimwa. Na palikuwa na njia ya kuyapima wakati ule. Waliovamia kambi walitoka mahali na wakarudi mahali. Nchi yetu hii imejaa watu wanaosoma nyayo. Mchungaji akiinama juu ya mchanga atakuambia huyu ni ngamia jike, mguu wa nyuma wa kushoto unamuuma, alipita baada ya umande wa asubuhi, na aliyemwongoza amevaa kiatu kimoja kimekatika kisigino. Bunduki za polisi waliouawa zilichukuliwa na nani? Wanyama wa mizigo waliishia zizi la nani, na chapa zao zilibadilishwa na nani? Mpelelezi mmoja mwenye subira, wasoma nyayo wawili na mkalimani mwaminifu wangeweza kuanza kazi.

Serikali ya Malkia ilileta jeshi. Chini ya Kanali Trevor Ternan, kikosi kikubwa kilipanda kutoka Kismayu hadi Afmadow mwanzoni mwa 1901. Sultani Ahmed akakamatwa, mifugo ikatwaliwa. Tarehe 16 Februari, pale Sanasa, wapiganaji wa Kiogadeni walilivamia jeshi lile vichakani, na Luteni Kanali Maitland akauawa pamoja na askari kadhaa. Wafugaji waliokufa katika kampeni ile ni nani, na wangapi kati yao walikuwa hata hawajasikia jina la Jenner? Malkia mwenyewe hakuuona mwisho wa vita. Alifariki tarehe 22 Januari 1901, katikati ya kosa na adhabu.

Waliopigana upande wa serikali walipewa medali. Ni ya fedha, utepe wake wa manjano una kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani. Uso uliochorwa juu yake ni wa Mfalme Edward, mwana wa Victoria. Kwenye utepe kuna kibao chembamba kimechongwa neno moja: JUBALAND. Kibao hicho kinahesabu huduma kuanzia tarehe 16 Novemba 1900 hadi tarehe 30 Aprili 1901. Mwezi ule ule Jenner alipouawa, kalenda ya vita ilikuwa imeshaanza kuhesabiwa. Upelelezi ungefanyika saa ngapi?

Linganisheni sasa. Kule London walikufa watano, ushahidi ukafutwa ili jamii isiadhibiwe. Huku alikufa Jenner na walinzi wake, jamii ikaadhibiwa, na simulizi nyingi za vita vile zinasema tu kwamba aliuawa na Waogadeni, kana kwamba Waogadeni wote walishika mkuki mmoja. Hii ndiyo sababu Jack the Ripper ana wapelelezi hadi leo na Jenner hana hata mmoja. Swali la nani linakufa pale adhabu inapotangulia jibu.

Najua kuna mzee hapo anatikisa kichwa. Anasema, wewe mtangazaji, acha kuwaonea Wazungu. Sisi wenyewe tunalipa damu kwa ukoo. Mtu akiua, jamaa zake wote wanachanga. Ngamia mia moja kwa mwanamume, hamsini kwa mwanamke, hiyo ni mila ya Wasomali tangu zamani, na maslaha, yaani upatanishi wa wazee, bado yanafanyika hadi leo. Tofauti iko wapi?

Mzee, umeuliza vizuri, na jibu ni kubwa. Kwenye maslaha, wazee wanakaa kwanza na kuuliza nani amefanya. Jina linatajwa hadharani, mashahidi wanasikilizwa, upande wa mtuhumiwa unajibu. Kulipa kwa pamoja kunakuja baada ya mtu kujulikana, na kunakuja ili kisasi kisiendelee. Ukoo unabeba mzigo wa mtu wake kama wenye meli wanavyobeba hasara ya jahazi lililozama. Maslaha yana dosari zake, hasa pale mwanamke aliyedhulumiwa asipopewa nafasi ya kusema, na hilo tutalizungumza siku yake. Lakini hakuna maslaha yanayoanza kwa kuchukua ngamia wa watu wote na kumaliza bila kuuliza nani aliua. Wakoloni waliona kulipa kwa pamoja, wakakuiga, wakasahau lile baraza linalotangulia. Mwaka 1909 wakaandika sheria ya adhabu ya jumla, ikawa halali kuitoza jamii nzima.

Tabia hiyo haikuondoka na bendera yao. Tarehe 28 Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru, Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, alipigwa risasi na kuuawa upande wa Modogashe, yeye pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Nairobi kuna barabara yenye jina la Wabera, na wengi wanaipita kila siku bila kujua ni nani. Waliofyatua risasi, inavyosimuliwa, walivuka mpaka kuingia Somalia. Kabla ya mwaka kuisha, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo zima la kaskazini mashariki, na amri zake zilidumu hadi 1991. Kilichotokea katika miaka ya vita vya shifta, vita vya serikali na waliotaka kujitenga, kila familia hapa inakijua kwa njia yake. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria iliyozuia mtu kuwashtaki maafisa kwa yaliyotendeka kaskazini kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Yaani sheria ililifunga swali lenyewe.

Novemba 1980 maafisa wa serikali waliuawa hapa Garissa, na kilichofuata ni mtaa wa Bulla Karatasi kuteketezwa na wakazi kukusanywa na kuzuiliwa. Februari 1984, Wajir, wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57, wenyeji wakasema wengi zaidi kwa mbali. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, maelfu ya Wasomali walisombwa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kupelekwa uwanja wa Kasarani. Mtindo ni ule ule wa 1901.

Na si kwamba Kenya haijui kufanya vingine. Januari 1941, Lord Erroll, bwana mkubwa wa Kiingereza, alikutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake nje kidogo ya Nairobi. Mlowezi mwenzake, Sir Jock Delves Broughton, alishtakiwa. Mawakili wakabishana kwa wiki kadhaa kuhusu mikwaruzo iliyo kwenye risasi, kama ilitoka kwenye bastola ile au nyingine, na mshtakiwa akaachiliwa. Vitabu vinaandikwa hadi leo, kila kimoja na muuaji wake. Hakuna aliyefikiria kutwaa ng'ombe wa walowezi wote.

Hapa Garissa tunao mfano wa karibu zaidi. Baada ya Chuo Kikuu cha Garissa kushambuliwa tarehe 2 Aprili 2015 na watu 148 kuuawa, kesi ilikwenda mahakamani Nairobi. Mwaka 2019 watu watatu walitiwa hatiani, kila mmoja kwa jina lake na kwa alilofanya, na wengine walioshtakiwa pamoja nao wakaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Wapo waliochukia kuachiliwa kwao. Mimi nasema hukumu ile ina thamani kwa sababu kulikuwa na walioachiliwa. Hapo ndipo unajua mtu alipimwa kama mtu.

Basi, wenzangu wa vijiweni, sitawaambia muache kukisia. Kisieni. Mtu akiuawa kwenye barabara ya Modogashe au kwenye kisima kule Balambala, kaeni mzungumze, maana kunyamaza ndiko kunakomfaa muuaji. Ila kwenye kijiwe chako weka sharti moja: anayetaja ukoo anyamazishwe mpaka ataje mtu, na anayetaja mtu aulizwe ameonaje, akiwa wapi, saa ngapi. Akishindwa kujibu, hajapeleleza, amechochea, na sote tunajua uchochezi wa namna hiyo umetugharimu vijiji vingapi.

Na kwa wazee, machifu na mawakili mnaonisikiliza: sheria za Kenya zinaruhusu uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu pale chanzo au mhusika hajulikani, na mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo. Uombeni uchunguzi huo kwa maandishi, kwa kila maiti, awe askari au mchungaji, na mkatae kuondoka ofisini bila muhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo ina swali la nani, na serikali ikishaipiga muhuri itadaiwa jibu.

Mimi naishia hapo. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia maji ya Tana.